Fundi wa sare anayeivisha ndege nguo

Saa moja asubuhi, Mama Sare anapiga ndege pasi.

Si mzaha. Pasi yenyewe ni ya kawaida, ya umeme, kama iliyoko nyumbani kwako, na waya wake umezungushiwa utepe mweusi mahali ulipowahi kutafunwa na panya. Tofauti ni kwamba kitufe cha kuongeza na kupunguza joto kimebandikwa gundi kisizunguke, na kabla ya kuanza anaigusisha kipimajoto, anasoma, anaguna, anasubiri kidogo, anasoma tena. Kisha anaiinamia meza na kuanza kuipitisha pasi polepole, kutoka katikati kwenda pembeni, kama anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala.

Chini ya pasi, kitambaa kilicholegea kinaanza kujivuta. Mikunjo inakwisha mmoja mmoja. Anakigonga kwa kidole, nacho kinalia kama ngoma. Anatabasamu, kisha anakumbuka kwamba wiki hii si ya kutabasamu ovyo, anarudi kazini.

Ijumaa mkaguzi wa usalama wa ndege anakuja. Akiridhika, ndege ya kwanza kuundwa na mafundi wa nchi hii itaruka Jumamosi. Asiporidhika, vipande viwili vya mabawa yake vilivyoko mezani vitafungwa kwenye sanduku na kupelekwa ng'ambo vikavalishwe na watu wengine, na Mama Sare atarudi kushona sare za shule. Hana wa kumlaumu. Kosa lililowafikisha hapa lilikuwa lake, na atakusimulia mwenyewe kabla hujamuuliza.

Karakana ni ghala la zamani la saruji. Sakafu imefagiwa na kupigwa deki mara zisizo na idadi, lakini ukikanyaga kwa nguvu bado vumbi la kijivu linachomoza kutoka kwenye nyufa. Ndiyo maana upande wa Mama Sare umezungushiwa mapazia ya plastiki, na mtu haruhusiwi kuingia na viatu. Hata wakubwa wa mradi wamewahi kusimama pale na soksi zilizotoboka, wakijifanya hawajui kwamba zimetoboka.

Katikati ya ghala imesimama ndege. Ni ndogo, ya viti viwili, yenye mabawa yaliyo juu ya kichwa cha rubani. Injini imenunuliwa nje, hilo hawalifichi. Lakini mifupa yake ya mabomba imechomelewa humu ndani, mbavu za mabawa zimechongwa humu, na ngozi yake, ambayo kwa kweli ni kitambaa, imeshonwa humu. Mradi unataka ndege za kunyunyizia mashamba dawa, kufundishia marubani na kufikisha dawa za hospitali mahali ambapo mvua ikinyesha barabara hukatika.

Wengi wakisikia kwamba kuna ndege inayovaa kitambaa hucheka. Mume wa Mama Sare, ambaye ni mwashi, hakucheka. Alidhani mkewe ametapeliwa. Alimwuliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kama ndege hiyo itakuwa na vifungo au zipu.

"Nilimwambia aje aone," anasema Mama Sare. "Akaja, akaizunguka mara mbili, hakugusa kitu. Usiku ananiambia, mama watoto, mimi najenga ukuta, ukianguka unaangukia chini. Wewe kazi yako ikianguka inatoka juu. Ukae ukijua hilo."

Jina lake analo, ila hakuna anayelitumia. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameshona sare katika chumba cha mbele cha nyumba yao, kwa cherehani mbili za miguu, na nusu ya watu wazima wa mtaa ule wamewahi kusimama mbele yake wakipimwa kiuno. Mhandisi mkuu wa mradi, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo aliyesomea ndege ng'ambo, hakuwa mmoja wao. Alifika mtaani siku moja akiwa na vipande vya kitambaa kinachoteleza kama samaki, akagawa kwa mafundi kadhaa wa nguo, akawaomba waunganishe vipande viwili kwa mshono ulionyooka usiovuta. Hakusema ni vya nini.

Wenzake walimaliza jioni ile ile. Mama Sare alishona, hakupenda, akafumua. Akashona tena, akafumua tena. Alipeleka kazi yake siku iliyofuata, akiomba radhi kwa kuchelewa.

Aliyechelewa ndiye aliyechukuliwa. Mhandisi anasema wenzake wote walishona vizuri, ila huyu ndiye pekee aliyeonyesha kwamba anaweza kukasirikia kazi yake mwenyewe.

Mshahara wake kwa mwezi ni kama bei ya sare arobaini. Ni mwingi kuliko anachopata katika miezi ya kawaida, na ni mdogo kuliko anachopata shule zinapofunguliwa. Cherehani za nyumbani sasa anazikalia wifi yake, dada wa mume, ambaye wateja wanamlalamikia kwamba hana mkono wa Mama Sare na ana mdomo kuliko Mama Sare.

Kazi aliyoikuta karakana ilimnyenyekesha. Alidhani anajua sindano. Akapewa sindano ndefu kuliko mkono wake kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Uzi unapakwa nta. Sindano inaingia juu ya bawa, inatokea chini, inakumbatia ubavu wa mbao, inarudi juu, na fundo linafungwa na kuvutwa mpaka lizame ndani lisionekane. Halafu vidole viwili mbele, fundo jingine. Bawa moja linakula mafundo mpaka vidole vinakataa kushika kijiko cha chakula cha jioni. Baada ya hapo ni pasi, halafu gundi ya maji inayopakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, mpaka kitambaa kinakuwa kigumu na kuzuia upepo.

Aliyapenda yote hayo. Na hapo ndipo alipoharibu.

Nyuma ya kila bawa kuna kipande chembamba kilichofungwa kwa bawaba, kinachopanda na kushuka rubani anapotaka kugeuka. Mafundi wanakiita kibawa. Kibawa kina sharti moja lisilo na huruma: kisizidi uzito upande wa nyuma. Kikizidi hata kidogo, ndege ikishika kasi kitaanza kutetemeka chenyewe, na mtetemeko huo ukishaanza unaweza kuling'oa bawa zima.

Mwezi uliopita vibawa viwili vilivyokwisha kuvalishwa vilitundikwa kwa bawaba zao ili vipimwe. Kilichotakiwa ni vitulie sawa kama mizani. Vyote viwili viliangusha mikia.

Ikawa kutafutana. Seremala aliambiwa mbao zake ni mbichi. Akaapa na kuonyesha vipande vilivyobaki. Fundi wa rangi aliambiwa amepaka kama anayepaka ukuta wa baa. Hata mizani ya kupimia ilishukiwa, ikaazimwa nyingine. Watu wakaanza kula chakula cha mchana mafungu mafungu, kila mmoja na anayemwamini.

Mwishowe Mhandisi aliwaita wote, akawaketisha, akamwomba kila mtu aeleze alivyoifanya kazi yake, hatua kwa hatua, bila kuruka kitu. Seremala akaeleza. Zamu ya Mama Sare ilipofika, alieleza kwa raha zote: alivyokata, alivyokunja, alivyoshona. Akamalizia kwamba kwenye ukingo wa nyuma ameacha na akiba nzuri, vidole vinne kila upande, kaikunja ndani haionekani.

Mhandisi aliuliza, "Akiba ya nini, mama?"

"Akiba," alijibu Mama Sare. "Kitambaa hiki mnakiagiza mbali, ni ghali. Kikija kuchakaa ukingoni, mtafumua, mtavuta akiba, mtashona tena. Hamna haja ya kununua kingine."

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulea mtoto wa shule, maelezo kidogo yanahitajika. Hakuna fundi wa sare anayejiheshimu anayekata kitambaa kwa kipimo cha mtoto alivyo leo. Sketi huachiwa upindo mkubwa ndani, suruali huachiwa kiunoni na miguuni, ili mwaka ujao, mtoto akirefuka, mzazi afumue na kushusha. Mzazi asiyekuta akiba kwenye nguo ya mwanawe harudi tena kwa fundi huyo, na huwaambia wengine wasiende. Mama Sare ameishi kwa akiba. Mchoro wa Mhandisi ulisema kidole kimoja tu cha upindo. Mama Sare aliutazama na kuuona ni mchoro wa mtu mbahili.

Vidole vinne vya kitambaa, juu na chini, vikanywa gundi, vikawa na uzito unaokaribia wa yai moja kwa kila kibawa. Na yai hilo lilikuwa limekaa mahali pabaya kuliko pote.

Mhandisi alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo ya rangi, na wote wakacheka naye, hata seremala aliyekuwa amenuna wiki nzima. Kisha kicheko kikamkatikia mdomoni, kwa sababu alikumbuka kwamba ule upindo umekwisha kugandishwa, na njia ya kuutoa ni moja: kuvua nguo yote, kuitupa, na kuanza upya.

Leo anakiri kwamba kosa lilikuwa la wawili. "Nilimpa kipimo, sikumpa sababu," anasema. "Mtu wa miaka ishirini kwenye kazi yake, ukimpa kipimo bila sababu atafuata mkono wake. Hata mimi ningefuata wangu."

Wakubwa wa mradi hawakucheka. Walisema muda unakwisha na vibawa vipelekwe kwa watu wenye uzoefu. Mhandisi aliomba nafasi moja zaidi. Akapewa moja.

Mama Sare hakwenda kazini siku mbili. Alikuwa akikaa nyuma ya nyumba, mikono mapajani. Kilichomwumiza, anasema, si kuchekwa. Ni kufikiria kwamba kama wasingepima, yule mzee wa watu angepanda na kuondoka na lile yai lake nyuma.

Mzee wa watu ni rubani wa majaribio, mstaafu aliyerusha ndege za mizigo maisha yake yote. Ana kitambi cha heshima, na ana tabia ya kuizunguka ndege akizungumza nayo pembeni, kama mtu anayeongea na ng'ombe kabla ya kumkamua.

Mume wa Mama Sare ndiye aliyemtoa nyuma ya nyumba. Hakumbembeleza. Alimwambia kwamba mwashi akijenga ukuta ukapinda, hawezi kuuacha pale na kwenda kulia kwake. Ataubomoa yeye, kwa sababu ndiye anayejua ulipoanzia kupinda. Siku ya tatu asubuhi Mama Sare alivaa viatu, akaenda kuvua ndege nguo kwa mikono yake.

Jumatano alasiri, akiwa anamalizia mafundo ya mwisho ya kibawa cha pili, pazia la plastiki linasogezwa na mwanamke mwenye mvi anaingia. Amekwisha kuvua viatu, amevishika mkononi. Hajulikani na mtu humo ndani. Anasema yeye ni mke wa rubani, na anamtafuta yule anayeshona.

Mama Sare anasimama, anamvutia kigoda. Wanasalimiana kwa kirefu, wanaulizana watoto, wanaulizana miguu, kwa sababu wote wawili wamefika umri wa kuulizana miguu.

Mgeni anasema mumewe hamwelezi kitu. Kila akimwuliza kuhusu ndege hiyo anaambiwa ni nzuri, basi. Arobaini na moja ndiyo miaka waliyoishi pamoja, na nzuri hiyo haimtoshi. Amesikia nyumbani kwa watu kwamba vibawa viliwahi kukataliwa. Amesikia na sababu.

"Ni kweli," anasema Mama Sare. "Niliyevikosea ni mimi."

Mke wa rubani anamtazama. Hakutegemea kupewa jibu hilo haraka namna ile. Anauliza kama safari hii kitambaa hakitachanika.

Mama Sare anainuka, anachukua fremu ndogo ya mbao iliyowambwa kitambaa kile kile, iliyoshonwa na kupakwa kwa ajili ya majaribio, anamwekea mapajani. Anamwambia achane.

Mwanamke yule anaanza kwa adabu, kwa ncha za vidole. Kisha anavuta. Kisha anaiweka fremu chini, anakanyaga mbao kwa miguu yote miwili na kuvuta kitambaa kwa mikono yake yote, na mishipa inamtoka shingoni. Anatumia ufunguo wa nyumba. Ufunguo unatoboa, lakini tundu linafika kwenye mshono na kukomea hapo, halisogei. Anahema. Kilemba kimekaa upande. Yeye na Mama Sare wanatazamana, halafu wanacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka.

"Mwenzangu, siwezi kukuahidi anga," anasema Mama Sare. "Upepo si wangu, injini si yangu. Mshono ni wangu. Huo nakuapia."

Mke wa rubani anakirekebisha kilemba chake. Anasema inatosha. Anakaa pale mpaka fundo la mwisho linafungwa, na anapoondoka anasahau kuvaa viatu mpaka anafika getini.

Ijumaa, mkaguzi ni mtu mwembamba asiyecheka wala kunywa chai aliyoandaliwa. Anavitundika vibawa mwenyewe. Kibawa cha kwanza kinacheza juu, kinacheza chini, kinatulia sawa. Anakigusa kwa kidole, kinacheza, kinarudi palepale. Anafanya hivyo tena na tena, mpaka seremala anashindwa kuvumilia na kutoka nje. Cha pili hivyo hivyo. Mkaguzi anageuka na kuuliza nani kashona.

Mama Sare ananyanyua mkono, kama darasani. Mkaguzi anaitikia kwa kichwa, anakunywa ile chai, ingawa imekwisha kupoa.

Jumamosi, upepo ni mdogo na anga jeupe. Watu wameambiwa wasifike uwanjani, kwa hiyo wamejaa. Mume wa Mama Sare amevaa suti yake ya harusi. Wifi amefunga chumba cha kushonea. Mama Sare amesimama mbali na wote, karibu na gari la zimamoto, na mke wa rubani amemfuata huko huko. Injini inapowaka, mkono mmoja unautafuta mwingine, na baadaye hakuna aliyekumbuka nani alianza.

Ndege inakimbia, inaruka kidogo, inagusa chini, watu wanashika vichwa, halafu inanyanyuka kabisa. Mama Sare anasema hakuiona ikinyanyuka. Alikuwa akitazama vibawa tu. Viliposogea, kimoja juu na kimoja chini, na ndege ikageuka taratibu kuelekea mji, machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa.

Ilizunguka uwanja mara tatu na kushuka. Rubani aliteremka, akaupigapiga ubavu wa ndege, na alipoulizwa ikoje, alijibu kwamba ni nzuri. Mkewe alimwambia mbele ya watu kwamba safari hii neno hilo ameliamini, ila si kwa sababu yake yeye.

Jumatatu mwandishi wa makala haya anamkuta Mama Sare tena nyuma ya mapazia yake. Mifupa ya ndege ya pili imekwisha kuingizwa ndani. Wakubwa wa mradi wamekubali aongezewe mafundi wawili wa nguo, na amekwisha kuwachagua, wote wa sare kama yeye. Siku ya kwanza hatawapa sindano, anasema. Atawatundikia kibawa kwa bawaba zake, awawekee yai kwa nyuma, waone wenyewe kinavyoanguka. Vipimo watapewa baadaye.

Lakini kuna jambo jingine, na hili amemwomba Mhandisi kwa kinywa chake mwenyewe. Majaribio yakimalizika na kiti cha pili kikiruhusiwa kukaliwa, abiria wa kwanza awe yeye. Mhandisi amekubali. Mumewe ameomba muda wa kufikiri. Wifi ameuliza, kwa nia njema tu, cherehani zitabaki kwa nani.

Mama Sare hajawahi kupanda ndege yoyote. Hata ngazi ya kubadilishia taa anamwachia mumewe.

"Naogopa, tena sana," anasema. "Usiandike kwamba siogopi. Lakini yule mwanamke alisimama pale akaniachia mumewe nimvishe. Sasa mimi nikae chini, niwe navalisha watu nguo ambayo mwenyewe siwezi kuivaa? Hapana. Nitapanda."